Jua la Utosini, Hilali na Bamvua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Anga la Afrika Mashariki

Vitabu vingi vya shule hueleza misimu na anga kama vinavyoonekana Ulaya: theluji Desemba, joto Julai, Nyota ya Kaskazini juu ya paa. Mtoto wa Tanga au Kisumu akitoka nje kuangalia, haoni hata kimoja kati ya hivyo. Majibu haya yanaanzia hapa kwetu karibu na ikweta, na mengi unaweza kuyahakiki kwa fimbo, kivuli na macho yako. Saa zote ni za Kiswahili, kwa majira ya Afrika Mashariki, isipokuwa tulipotaja vingine.

## Dunia na mwaka wake

1. Je, Januari kuna joto kwa sababu Dunia iko karibu zaidi na Jua?

Hapana, ingawa ni kweli kwamba Dunia huwa karibu zaidi na Jua Januari. Njia yake haikuviringa sawasawa. Kati ya tarehe 2 na 5 Januari umbali ni kiasi cha kilomita milioni 147.1, na mwanzoni mwa Julai hufika kilomita milioni 152.1. Kwa hiyo Januari Dunia nzima hupokea mwanga wa Jua zaidi ya Julai kwa takriban asilimia 7.

Kama umbali ndio ungeamua, London nayo ingekuwa na joto Januari. Haina. Kinachoamua ni mwinamo wa Dunia (swali la 2).

2. Basi misimu inatokana na nini?

Mhimili ambao Dunia hujizungushia umeinama kwa nyuzi 23.4, na huendelea kuelekea upande uleule wa anga mwaka mzima. Juni nusu ya kaskazini huwa imelielekea Jua. Desemba ni zamu ya kusini. Upande uliolielekea hupata mambo mawili pamoja: mchana mrefu, na miale inayoshuka wima zaidi, ambayo huleta joto kali kwa kila mita ya ardhi kuliko miale ya kuchepuka.

Jua hufika juu ya Tropiki ya Kansa karibu na tarehe 21 Juni, na juu ya Tropiki ya Kaprikoni karibu na 21 Desemba. Hupita juu ya ikweta karibu na 20 Machi na 22 au 23 Septemba. Siku hizi mbili za kupita ikweta huitwa sikusare.

3. Mbona kwetu hakuna majira manne kama ya Ulaya?

Kwa sababu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na Jua haliendi mbali na utosi. Tofauti ya joto kati ya mwezi wa baridi na wa joto ni ndogo kuliko tofauti ya usiku na mchana wa siku moja. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua na upepo.

Mvua hufuata Jua. Pale ambapo Jua linapiga wima, hewa hupanda, na upepo wa pande mbili hukutana na kuleta mawingu. Ukanda huo wa mvua huhama kaskazini na kusini ukilifuata Jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Unapopita ukipanda kaskazini tunapata masika, Machi hadi Mei. Unaporudi tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Kusini mwa Tanzania, kama Songea na Mtwara, ukanda hufika karibu na mwisho wa safari yake na kugeuka, ndiyo maana huko kuna msimu mmoja tu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Hii ni kanuni ya jumla: bahari, milima na Ziwa Victoria hubadilisha mengi katika eneo husika.

4. Kusi na kaskazi zinahusianaje na mwendo wa Jua?

Moja kwa moja. Desemba Jua liko kusini, bara la Asia limepoa, na hewa nzito inatiririka kutoka huko kuja kwetu: hiyo ni kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi. Katikati ya mwaka Jua liko kaskazini, Asia imepata joto, na hewa inavutwa kuelekea huko: hiyo ni kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja Unguja, Mombasa na Lamu kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyechelewa kuondoka hadi upepo ukageuka alikuwa na miezi mingi ya kungoja, na sababu yake ya kwanza ilikuwa ule mwinamo wa nyuzi 23.4.

5. Kwa nini kuna mwaka mrefu wa siku 366?

Dunia huzunguka Jua kwa siku 365.2422. Robo siku inayobaki hukusanywa na kuongezwa Februari kila baada ya miaka minne. Kwa kuwa si robo kamili, miaka ya mamia haiongezwi siku isipokuwa ikigawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa.

## Jua, kivuli na saa

6. Jua linakuwa utosini lini katika mji wangu?

Mahali popote kati ya tropiki mbili, Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Tarehe hutegemea latitudo, na huweza kusogea siku moja kati ya mwaka na mwaka:

- Kampala: karibu na 21 Machi na 22 Septemba
- Nairobi: karibu na 17 Machi na 26 Septemba
- Mombasa: karibu na 10 Machi na 3 Oktoba
- Dar es Salaam: karibu na 3 Machi na 10 Oktoba
- Mtwara: karibu na 21 Februari na 20 Oktoba

Mji wako haumo? Karibu na sikusare Jua husogea kwa nyuzi 0.4 hivi kwa siku. Gawanya latitudo yako kwa 0.4 upate idadi ya siku. Ukiwa kusini mwa ikweta, zipunguze kutoka 20 Machi na uziongeze kwenye 22 Septemba. Ukiwa kaskazini, fanya kinyume. Kanuni hii inafaa hadi nyuzi 10 hivi. Zaidi ya hapo Jua hupunguza kasi na hesabu inakosea.

Muscat iko nyuzi 23.6 kaskazini, nje kidogo ya tropiki. Huko Jua hukaribia utosi Juni bila kuufikia kamili.

7. Kwa nini kivuli cha adhuhuri huelekea kusini Juni na kaskazini Desemba?

Kwa sababu Jua huhama upande hadi upande wa utosi. Simamisha fimbo ya mita 1 wima Dar es Salaam. Karibu na 21 Juni, adhuhuri ya kweli (Jua linapofika juu kabisa), kivuli kina sentimita 58 na kinaelekea kusini. Karibu na 21 Desemba kina sentimita 30 na kinaelekea kaskazini. Tarehe 3 Machi na 10 Oktoba fimbo haina kivuli.

Kosa linaloharibu jaribio hili ni fimbo isiyo wima. Mwinamo wa uzi mmoja (digrii moja) tu huhamisha kivuli kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo tumia timazi: uzi wenye jiwe mwishoni unatosha. Kosa la pili ni kupima saa sita kamili (swali la 8). Ukitaka kujua kaskazini ya kweli, chora duara kuzunguka fimbo asubuhi, tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara, kisha alama nyingine inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama mbili unakwenda mashariki na magharibi.

8. Kwa nini Jua halifiki juu kabisa saa sita kamili?

Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo inapita Somalia, mbali na miji yetu. Kila uzi mmoja kuelekea magharibi huchelewesha Jua kwa dakika 4. Dar es Salaam iko nyuzi 39.3, kwa hiyo adhuhuri yake ya kweli ni wastani wa saa 6:23 mchana. Nairobi ni kiasi cha saa 6:33.

Kigoma ndiyo inashangaza watu: adhuhuri huko ni kama saa 7:01. Mtu wa Kigoma humwona Jua akichomoza karibu dakika 39 baada ya mtu wa Dar es Salaam, na wote wanatumia saa moja. Jirani yake wa Bujumbura yuko karibu longitudo ileile, ila saa ya Burundi iko nyuma kwa saa moja, na adhuhuri yake huangukia saa sita na dakika chache.

9. Je, mchana wetu ni saa 12 kamili mwaka mzima?

Karibu. Dar es Salaam mchana ni saa 11 na dakika 44 Juni, na saa 12 na dakika 31 Desemba. Nairobi tofauti ya mwaka mzima ni dakika 9 tu. London huanzia chini ya saa 8 na kupita saa 16 na nusu. Ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, yaani saa moja asubuhi ikiwa saa moja baada ya kucha, ni utaratibu unaofaa kabisa hapa na usingefaa Ulaya.

Hata siku ya sikusare mchana huzidi usiku kwa dakika kadhaa. Hewa hupinda mwanga, hivyo tunaliona Jua kabla halijafika kwenye upeo, na mapambazuko huhesabiwa kwa ukingo wake wa juu.

10. Kama mchana wa Nairobi haubadiliki, mbona Novemba kunakucha mapema na Februari kunachelewa?

Mwanzoni mwa Novemba Jua huchomoza Nairobi kama saa 12:11 asubuhi. Katikati ya Februari ni kama saa 12:42. Machweo nayo huhama vivyo hivyo. Mchana mzima unasogezwa mbele au nyuma bila kurefuka.

Saa ya ukutani huenda kwa mwendo mmoja, Jua haliendi hivyo. Dunia hukimbia kilomita 30.3 kwa sekunde Januari na 29.3 Julai, na zaidi ya hapo mwinamo wa mhimili hufanya Jua lionekane likienda mashariki kwa kasi tofauti kati ya nyakati za sikusare na nyakati za Juni na Desemba. Mambo haya mawili yakijumlishwa, Jua huitangulia saa kwa dakika 16 mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa dakika 14 katikati ya Februari. Ulaya badiliko hili lipo pia, ila limefunikwa na kurefuka na kufupika kwa mchana. Kwetu linaonekana wazi.

11. Ninaweza kuhakiki kibla kwa Jua?

Ndiyo, na ni njia sahihi kuliko dira za simu, ambazo huvurugwa na nondo na vyuma. Mara mbili kwa mwaka Jua hupita utosini mwa Kaaba: 28 Mei saa 6:18 mchana na 16 Julai saa 6:27 mchana (katika mwaka mrefu ni 27 Mei na 15 Julai). Saa ya Makka na saa yetu ni moja, hivyo huna haja ya kubadilisha chochote. Kwa dakika hiyo, ukilielekea Jua umeielekea Makka, na kivuli cha timazi kinaelekea upande wa pili kabisa. Siku moja kabla au baada haidhuru.

Dar es Salaam na Makka ziko karibu longitudo moja. Kibla ya Dar es Salaam ni kaskazini kabisa, na uzi mmoja tu kuelekea mashariki.

## Nyota na sayari

12. Kwa nini nyota za Januari si za Julai?

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Dakika 4 zinazobaki kufikia saa 24 zinatokana na Dunia kusogea katika njia yake, ikabidi izunguke kidogo zaidi kulikuta Jua. Hivyo kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kila siku, sawa na saa 2 kwa mwezi.

Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho jina lake linatokana na kulima, huchomoza jua linapotua katikati ya Novemba na huonekana usiku kucha. Kufikia Mei kimemezwa na mwanga wa Jua, na Juni hurudi mashariki alfajiri.

13. Nyota ya Kaskazini inaonekana kwetu?

Kusini mwa ikweta haionekani. Urefu wake juu ya upeo ni sawa na latitudo yako ya kaskazini: Moyale ni nyuzi 3.5 tu, na vumbi la upeo huificha mara nyingi. Tumia Msalaba wa Kusini, ulio juu jioni za Mei. Refusha mhimili wake mrefu mara nne na nusu kuelekea mguuni, utafika kwenye ncha ya kusini ya anga. Shuka wima hadi kwenye upeo, hapo ndipo kusini.

14. Nyota ya alfajiri na ile ya jioni ni mbili?

Ni moja, na ni sayari: Zuhura. Iko karibu na Jua kuliko sisi, kwa hiyo haiwezi kuonekana katikati ya usiku kutoka hapa.

## Mwezi na bahari

15. Je, mwezi hupungua kwa sababu ya kivuli cha Dunia?

Hapana. Nusu ya Mwezi daima inaangazwa na Jua. Tunachoona ni sehemu gani ya nusu hiyo imetuelekea. Kivuli cha Dunia huufikia wakati wa kupatwa tu (swali la 20). Ushahidi ni rahisi: siku ya saba ya mwezi, Jua linapotua magharibi, Mwezi nusu uko juu kabisa. Vyote viwili unaviona kwa wakati mmoja, na Dunia haiko katikati.

16. Kwa nini mwezi mchanga wetu hulala kama mtumbwi?

Karibu na ikweta Jua na Mwezi hushuka karibu wima. Mwezi mchanga unakuwa juu ya Jua lililokwisha kuzama, hivyo sehemu yenye mwanga iko chini na pembe mbili zinaelekea juu. Ulaya hushuka kwa kuchepuka, na mwezi husimama kama mabano. Hata hapa mtumbwi huinama upande huu au ule kulingana na wakati wa mwaka.

17. Kwa nini hilali (mwezi mchanga) huonekana nchi moja na nchi nyingine isionekane siku hiyohiyo?

Mwezi hujitenga na Jua kwa karibu nusu uzi kila saa. Ukiwa chini ya nyuzi 7 kutoka kwa Jua hauonekani kwa macho: mstari wa mwanga ni mwembamba mno. Kwa hiyo hilali yenye umri wa chini ya saa 14 au 15 tangu kukutana na Jua haitarajiwi kuonekana bila chombo. Ikipita saa 20 na ikizama zaidi ya dakika 40 baada ya Jua, kuna matumaini mazuri penye anga safi.

Machweo huenda kutoka mashariki kwenda magharibi. Afrika Magharibi hutazama karibu saa tatu baada ya sisi, na katika muda huo Mwezi umeongeza uzi mmoja na nusu. Ndiyo maana hilali ngumu kwetu inaweza kuwa rahisi kwao. Latitudo, mawingu na unyevu wa pwani huongeza tofauti. Suala la kufuata mwandamo wa nchi au wa popote ni la mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu. Falaki, yaani elimu ya anga, inaeleza tu kinachoweza kuonekana.

Kwa anayekwenda kutazama: chagua mahali penye upeo wa magharibi ulio wazi. Fukwe za Dar es Salaam na Mombasa zinaelekea mashariki, hazifai. Mji Mkongwe wa Unguja unaelekea magharibi, unafaa sana. Tia alama pale Jua linapozama, anza kutazama juu ya alama hiyo dakika 10 hadi 15 baadaye. Kama Mwezi utazama dakika 45 baada ya Jua, wakati bora ni kama dakika ya 20. Darubini isielekezwe huko kabla Jua halijazama lote.

18. Kwa nini Ramadhani huhama?

Miezi 12 ya kuandama, kila mmoja wastani wa siku 29.53, ni siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa Jua kwa siku 11 hivi. Ramadhani huzunguka mwaka mzima kwa takriban miaka 33. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

19. Bamvua na maji mafu hutokea lini?

Mwezi huivuta bahari, na Jua huivuta pia kwa nguvu karibu nusu ya hiyo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, vyote viwili vinavuta mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kwa pembe, na huja maji mafu. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kiasi cha mita 1. Bamvua kubwa zaidi huja karibu na sikusare, Machi na Septemba.

Maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, hivyo kesho yatajaa dakika 50 baadaye kuliko leo, sawa na Mwezi unavyochelewa kuchomoza. Pwani ya Unguja na Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Ndipo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapofika kwenye mashamba yao asubuhi.

20. Kwa nini hakuna kupatwa kila mwezi?

Njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 ukilinganisha na ya Dunia. Miezi mingi Mwezi hupita juu au chini ya mstari wa Jua na Dunia. Ukipita sawasawa, mwandamo huleta kupatwa kwa Jua na mpevu huleta kupatwa kwa Mwezi, kama ule wa 7 Septemba 2025, uliofunikwa kabisa kuanzia saa 2:30 hadi 3:53 usiku.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, waliona pete ya Jua. Mwezi ulikuwa mbali na Dunia, hivyo haukutosha kulifunika lote. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litafunikwa kabisa kwa zaidi ya dakika 6 huko Luxor, Misri, na kivuli kitapita Makka pia. Kenya, Uganda na Tanzania zitaona sehemu tu.

21. Nitazameje kupatwa kwa Jua bila kuumia?

Tumia miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya kawaida na beseni la maji havikingi. Jicho halina maumivu linapoungua kwa ndani, ndiyo maana watu hugundua baadaye.

Kwa darasa zima, toboa tundu la milimita 1 kwenye karatasi ngumu, lipe Jua mgongo, na acha mwanga uangukie karatasi nyeupe umbali wa mita 1. Picha itakuwa na upana wa milimita 9. Kwa umbali wa mita 3 itafika sentimita 3 hivi, ila itafifia, kwa hiyo fanyia kivulini.

22. Je, maji ya beseni huzunguka kinyume upande huu na ule wa ikweta, kama wanavyoonyesha Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta?

Mzunguko wa Dunia hugeuza pepo na vimbunga kweli, ila vinaenea mamia ya kilomita na kudumu siku nyingi. Katika beseni nguvu hiyo ni ndogo mno, na kwenye ikweta yenyewe inakaribia sifuri, kwa hiyo hatua ishirini huku na huku hazibadilishi kitu. Upande wa kuzunguka unaamuliwa na jinsi maji yalivyomiminwa na mkono ulivyogeuza beseni. Ukitaka kuhakikisha, omba yaachwe yatulie nusu saa, kisha tundu lifunguliwe kutoka chini bila kuyagusa, na urudie mara kumi kila upande.